Buluu ya Ekzosi Haianzii Kwenye Kabureta

Hotuba kwa mafundi wa pikipiki na wenye pikipiki za zamani, Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu mliokaa mbele, mama zetu wauza vipuri, mafundi wenzangu, na vijana wa steji mlioacha abiria asubuhi hii ili mje kusikiliza: asalaam aleikum, na wengine Bwana asifiwe. Walionitangulia wameshamaliza itifaki, sitairudia. Nimeombwa nizungumze Kiswahili, maana humu ndani kuna Walugbara, Waalur, Wakakwa, Wanubi, na wageni wetu kutoka ng'ambo ya mpaka, Ariwara ya Kongo na Yei ya Sudan Kusini. Nikichagua lugha ya mmoja, wengine nitawaacha mlangoni.

Mnaiona pikipiki iliyosimama hapa mbele. Ni Honda CB350, ile iliyotengenezwa kati ya mwaka 1968 na 1973. Silinda mbili, ujazo wa sentimita 325 za mraba-tatu (cc), kabureta mbili, na, hili mliweke akilini kwa sababu nitalirudia, seti mbili za pointi, zile swichi ndogo zinazofunguka ili plagi itoe cheche, kila silinda na ya kwake. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, yumo humu ukumbini, na ameniruhusu niifungue mbele yenu kwa sharti kwamba nisimtaje jina. Mwalimu, ahadi ni deni.

Sogeeni mtazame ekzosi zake. Ya kulia ina dhahabu hafifu shingoni, upana wa vidole viwili hivi, kisha kromu safi mpaka mwisho. Hiyo ni afya. Ya kushoto ukianzia kwenye hedi, kichwa cha silinda, unakuta buluu iliyokoza inayoelekea kijivu, ikifuatiwa na zambarau, kisha kahawia, kisha manjano ya majani makavu, na kromu ya kawaida unaikuta karibu na pa kuwekea mguu. Pikipiki moja, tangi moja, petroli moja, dereva mmoja, barabara moja. Upande mmoja umeungua na mwingine haukuungua.

Mwalimu ameizungusha gereji kadhaa. Kila alikofika aliambiwa neno lile lile: "Mzee, inakula hewa," yaani hewa ni nyingi na mafuta ni kidogo. Kabureta ikafunguliwa, jeti kubwa ya kushoto, kile kitundu kinachopitisha mafuta, ikatolewa, ikawekwa yenye tundu kubwa zaidi. Akalipa, akaenda. Baada ya muda buluu ikaanza kusonga tena, na jeti ikaongezwa tena. Leo plagi ya kushoto ni nyeusi tii kwa masizi, pikipiki inakunywa mafuta kama imelaaniwa, na ekzosi bado ni ya buluu. Hiyo ndiyo sababu nimekubali kusimama hapa. Nina jambo moja tu la kuwaambia: mkiona buluu, kabureta iwe ya mwisho kuguswa. Anzeni kwenye moto wa plagi na kwenye valvu. Mengine nitakayosema leo ni ya kueleza kwa nini.

Kwanza rangi yenyewe. Wengi wanadhani ni moshi uliogandia, au ni oili iliyoungua. Chuma kikipata joto kwenye hewa kinafanya ngozi nyembamba ya oksaidi juu yake. Ngozi hiyo inapitisha mwanga. Mwanga mwingine unarudi kutoka juu ya ngozi, mwingine unapenya na kurudi kutoka chini yake, na inapokutana baadhi ya rangi zinafutana na nyingine zinabaki. Ni kama petroli iliyomwagika juu ya maji ya mvua pale kituo cha mafuta: hakuna rangi ndani yake, lakini unaona upinde. Ngozi ikiwa nyembamba unaona manjano. Ikinenepa inaonekana kahawia, halafu zambarau, halafu buluu. Ikizidi inakuwa kijivu.

Wahunzi wanazijua rangi hizi kabla ya pikipiki kuzaliwa, kwa kuwa ndizo wanazotumia kupima ugumu wa patasi na visu. Kwa chuma cha kawaida kisichopakwa kitu, manjano hutokea kwenye nyuzi 220 hivi za Selsiasi, kahawia karibu na 260, zambarau 280, buluu karibu na 300. Kromu na chuma kisichoshika kutu ni wavumilivu zaidi, ngozi yao hukua polepole, kwa hiyo buluu yao maana yake ni joto la juu kuliko hilo. Msichukue jedwali la mhunzi mkalisoma juu ya kromu mkadai mmepima. Muda nao una kazi yake: joto la wastani likikaa saa nyingi linaweza kupaka rangi ile ile ambayo joto kali linaipaka kwa dakika chache.

Katika haya kuna jambo ambalo mafundi wengi wanalipita. Rangi haifutiki yenyewe ugonjwa ukipona. Ekzosi ikishafika buluu, itabaki buluu hata injini ikitengenezwa vizuri kuliko ilivyotoka kiwandani. Rangi inakwambia joto la juu kabisa lililowahi kupita pale. Leo ikoje, haikwambii. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye pikipiki liwe: ilianza lini? Uliinunua hivi? Ilikuwa safi, ukaenda safari ndefu, ukarudi nayo hivi? Mwalimu wetu anasema aliinunua ikiwa na ekzosi mbili zinazofanana, na upande wa kushoto ukabadilika taratibu, kwa miezi. Taratibu. Mpira wa kabureta uliopasuka haukupi miezi, unaharibu kwa siku chache. Kinachokwenda taratibu ni kitu kinacholika.

Sasa twende kwenye joto lenyewe linatoka wapi. Injini ikifanya kazi nzito, moshi unaotoka kwenye valvu ya ekzosi unaweza kufika nyuzi 700, hata 800. Hiyo ni kawaida, na ndiyo maana shingo ya ekzosi kupata dhahabu si ugonjwa. Pikipiki nyingi za zamani zenye bomba la ukuta mmoja, zikiwemo Triumph za Uingereza, zilipata buluu kidogo shingoni hata zikiwa mpya na wenyewe hawakukosa usingizi. Viwanda vingine vikaja na bomba la kuta mbili, moja ndani ya jingine, na ule wa nje ukabaki unang'aa. Ukichukua pikipiki iliyokuwa na bomba la namna hiyo ukaifunga bomba jepesi la kununua mtaani, itapata buluu wiki ya kwanza, na injini haina kosa lolote. Kabla ya kumshtaki mtu, gonga bomba kwa kucha usikie ni la aina gani, na uliza kama ni la asili.

Lakini ikiwa bomba ni la asili, mawili yanafanana, na moja limeungua, hapo kuna moto unaotoka nje ukiwa bado unawaka.

Plagi inatoa cheche kabla pistoni haijafika juu kabisa. Mafuta hayalipuki yote papo hapo, yanahitaji muda kuwaka. Cheche ikija wakati wake, mafuta yanawaka, yanaisukuma pistoni chini, joto linageuka kuwa nguvu, na valvu ya ekzosi inapofunguka kinachotoka ni moshi uliokwishafanya kazi. Cheche ikichelewa, pistoni imeshaanza kushuka mafuta bado yanawaka. Valvu inafunguka moto ungali moto. Joto ambalo lingekuwa nguvu ya kupanda mlima linaishia kwenye shingo ya ekzosi. Dereva anaona pikipiki imekuwa nzito, anaongeza mkono wa mafuta, na akiongeza anazidi kulipika bomba.

Sasa angalieni ujanja wa jambo hili. Mchanganyiko wenye hewa nyingi na mafuta kidogo unawaka polepole. Ukiwaka polepole, nao unachelewa kumaliza, na valvu inafunguka bado unawaka. Magonjwa mawili tofauti, cheche iliyochelewa na mafuta yaliyopungua, yanaacha rangi ile ile kwenye bomba lile lile. Ukiongeza jeti, mafuta ya ziada yanapoza moto kidogo, buluu inaacha kusonga, fundi analipwa. Lakini ikiwa chanzo kilikuwa cheche, umempa mgonjwa wa malaria dawa ya kutuliza maumivu. Na kila pointi zinavyozidi kulika, jeti inaongezwa tena. Mwalimu, umesikia pesa yako ilikokwenda.

Asubuhi kabla hamjafika nilifungua kifuniko cha pointi, na nimeacha wazi makusudi. Njoo wewe kijana mwenye fulana nyekundu, shika hii fila geji, majani ya kupimia uwazi. Pikipiki hii inataka uwazi wa milimita 0.3 hadi 0.4 pointi zikifunguka kabisa. Pima za kulia. Jani la 0.35 linapita na kugusa kidogo. Vizuri. Sasa za kushoto. Haliingii? Jaribu 0.3. Nalo halitaki. Jaribu 0.2. Haya, linapita kwa shida. Asante, rudi ukae.

Uwazi ukipungua, pointi zinachelewa kufunguka, na cheche inatoka pale zinapofunguka. Uwazi mdogo ni cheche iliyochelewa. Kwa nini umepungua? Tazameni hiki kijiguu cha faiba kinachoteleza juu ya kamu, ile inayozunguka na kuzifungua pointi. Kimelika, upande mmoja umekuwa bapa. Na hiki kipande cha sufi kinachotakiwa kuwa na grisi kidogo ili kamu isikikwangue kimekauka kama biskuti. Grisi ya kiasi cha punje ya mchele ingetosha. Nasema punje ya mchele kwa sababu kuna wanaojaza, ikayeyuka, ikarukia kwenye pointi, zikaungua. Pointi zikiwa na shimo upande mmoja na kichuguu upande wa pili, shuku kondensa, na usipoteze muda kuzipiga tupa ukizirudisha na kondensa ile ile.

Baada ya kuweka uwazi sawa, taimingi, yaani wakati wa cheche, inapimwa upya. Usiseme nimeweka uwazi basi imekwisha. Funga taa ndogo ya indiketa, waya mmoja kwenye pointi, mwingine kwenye bodi. Washa swichi, zungusha injini kwa spana taratibu kwa upande inaozungukia. Taa lazima iwake pale hasa alama ya F ya silinda hiyo, ile ya wakati wa cheche, inapolingana na alama ya kwenye kava. Ikiwaka baada ya kupita, umechelewa. Taa ya shilingi chache itakuonyesha kosa ambalo macho hayalioni. Mwenye taa ya strobu, inayomulika kila cheche inapotoka, atumie, atapata na faida ya pili: akipiga resi ataona kama taimingi inasogea mbele. Nyuma ya kamu ya pointi kuna vizito viwili na springi zake, kazi yao ni kuwahisha cheche injini ikienda kasi. Pikipiki iliyolala chini ya mwembe miaka kumi, vizito hivyo vimeshikwa na kutu. Ikiwa imesimama inanguruma vizuri, unaisifu, lakini barabarani cheche haiwahi, na ekzosi zote mbili zinapata buluu kwa pamoja. Hapo utakoma kutafuta kosa upande mmoja.

Na niseme kitu ambacho kitawashangaza baadhi yenu. Cheche ikiwahi mno, ekzosi inakaa baridi. Joto linabaki ndani, kwenye hedi na juu ya pistoni. Pikipiki yenye bomba zuri la dhahabu inaweza kuwa inagonga kama karanga kikaangoni na siku moja ikatoboa pistoni. Bomba safi peke yake si cheti cha afya.

Baada ya cheche, valvu. Pikipiki hii, injini ikiwa baridi, inataka uwazi wa milimita 0.05 kwa valvu ya kuingiza na 0.10 kwa ya ekzosi. Sehemu ya kukalia valvu inalika kidogo kidogo, valvu inazama, na uwazi unapungua bila mtu kugusa kitu. Ukiisha kabisa, valvu haifungi. Gesi ya moto inachuruzika kwenda kwenye bomba hata wakati ambapo ingetakiwa kuwa inasukuma pistoni, na ukingo wa valvu unaanza kuungua. Vijana wanapenda injini isiyo na kelele, wanabana tapeti, pale uwazi huo unaporekebishwa, mpaka kimya. Mimi napenda kusikia kitiki kidogo. Tapeti inayolia kidogo inakuudhi masikio tu, iliyobanwa inakula hedi.

Kwa wenye injini za kale zaidi, zenye hedi ya chuma cha kusubu, hili ni kubwa kwenu kuliko kwa mwenye Honda. Zamani petroli ilikuwa na risasi, na risasi hiyo iliacha utando uliolinda kiti cha valvu. Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006, na vizuri, kwa sababu risasi ilikuwa inaua akili za watoto wetu. Lakini injini zilizobuniwa wakati wake, viti vyake vikiwa laini, sasa vinalika haraka zikikimbizwa. Pimeni tapeti za valvu ya ekzosi mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema. Ukiona kila ukipima uwazi umepungua tena, ipeleke hedi kwa fundi wa mashine akufungie viti vigumu.

Mkishamaliza cheche na valvu, nawaruhusu mkaribie hewa. Lakini bado si ndani ya kabureta. Kuna mpira unaounga kabureta na hedi. Kwa pikipiki ya miaka hamsini mpira huo umekuwa mgumu kama kwato na una nyufa ambazo hazionekani mpaka uukunje. Injini ikinguruma polepole, nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya kupulizia kuzunguka mpira. Mngurumo ukibadilika, umepata mlango wa mwizi. Nimeona watu wanapulizia petroli kwa kazi hii juu ya injini ya moto. Tafadhalini. Tunataka kutibu pikipiki, hatutaki kuzika fundi.

Halafu ekzosi inapoungana na hedi. Hapo ndani kuna gasketi ya duara, na wengi wakifungua bomba wanarudisha ile ile iliyokwisha kubondeka. Moshi unatoka kwa mapigo, na katikati ya mapigo bomba linavuta hewa kutoka nje kupitia pale penye uwazi. Hewa hiyo inakutana na mafuta ambayo hayajamaliza kuwaka, yanawaka ndani ya shingo. Dalili zake: mlio wa pa-pa-pa ukiachia mkono wa mafuta ukiteremka, alama ya masizi meusi nje ya kiungo, na buluu iliyo kali pale pale shingoni bila kusambaa. Asubuhi injini ikiwa baridi, paka maji ya sabuni kwenye kiungo, washa, tazama mapovu.

Ndipo sasa kabureta: usafi wa jeti ndogo na kubwa, urefu wa boya, koki ya tangi kama inatoa mafuta ya kutosha, na kile kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi ambacho vumbi letu la murramu linakipenda. Kitundu kikiziba, pikipiki inakwenda vizuri kilomita kadhaa, kisha inaanza kukosa mafuta, bomba linapata moto, unasimama, unafungua kifuniko kuchungulia, inawaka tena na wewe unasema ni majini ya njiani. Na aliyetoa filta ya hewa ili pikipiki "ipumue" airudishe. Kabureta ilipimwa ikiwa na filta hiyo. Ukiitoa umeongeza hewa, na umeikaribisha murramu ndani ya silinda.

Kuna kisingizio ninachokisikia sana hapa kwetu: kwamba pikipiki iliyotyuniwa Arua ikishuka Pakwach lazima iungue, kwa sababu ya mwinuko. Arua tuko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, pale daraja la Pakwach Mto Naili uko mita 620 hivi tu juu ya usawa huo. Ni kweli hewa ya chini ni nzito zaidi, na kabureta iliyowekwa kwa hewa nyepesi ya huku itatoa mafuta pungufu kidogo kule. Lakini tofauti hiyo ni asilimia chache tu, na joto la Pakwach lenyewe linaifanya hewa kuwa nyepesi tena. Injini yenye afya haitahisi. Ikiwa yako inaungua kwa kushuka Pakwach, ilikuwa tayari ukingoni ulipotoka Arua.

Juu ya mafuta nitapita haraka. Wakongwe mnawakumbuka OPEC Boys, vijana wa petroli ya magendo, na majerikeni yao kando ya barabara. Nyakati zile watu walinunua walichokipata. Siku hizi shirika la viwango la taifa lina mpango wa kuweka alama kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yagundulike. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa inagonga kirahisi na inaacha masizi mengi. Lakini tangi ni moja na ekzosi ni mbili. Mafuta mabaya hayachagui upande wa kushoto.

Plagi nazo msizisome kwa pupa. Nyeupe yenye vipele ni joto au mafuta pungufu, kahawia ya maziwa ni sawa, nyeusi kavu ni mafuta mengi, nyeusi yenye majimaji ni oili. Lakini petroli ya leo inaacha rangi hafifu kuliko ya zamani, na plagi uliyoitoa baada ya kusimama kwenye foleni sokoni itakuonyesha foleni, haitakuonyesha barabara. Nenda kwenye barabara iliyonyooka, ipe mkono wa mafuta kwa muda, bana klachi, zima swichi papo hapo, jikokote pembeni, toa plagi usome. Na mnaponunua, angalieni namba: kwa NGK namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi, yaani inayopoteza joto haraka, kwa Champion na Bosch ni kinyume. Nimeona watu wakibadilisha kampuni na kutafuta namba inayokaribiana, wakafunga plagi ya moto mahali pa baridi.

Naona mikono. Tuanze na mama.

Mama anauliza madoa ya kahawia na meusi yaliyo chini, mbali na hedi, ni joto gani hilo. Hilo si joto, mama. Ni kaveera, yaani mfuko wa plastiki, au koti la mvua, au soli ya gambuti ya abiria iliyoyeyuka ikagandia. Lipashe bomba moto kidogo, kwangua kwa kipande cha mbao, malizia kwa kitambaa. Usitumie kisu.

Kijana anauliza ekzosi mpya kabisa iliyopata alama za vidole siku ya kwanza. Ni mafuta ya mikono yako wakati wa kufunga. Yaliungua yakabaki humo. Bomba jipya lipanguse kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kuwasha mara ya kwanza, ulishike kwa glavu.

Huyu anauliza bunduki ya kupimia joto, zile za mwanga mwekundu. Ni nzuri, lakini juu ya kromu inadanganya, itakuambia joto dogo kuliko lililopo kwa sababu kitu kinachong'aa hakitoi mionzi vizuri. Paka kidoa cha rangi nyeusi isiyong'aa na inayostahimili joto mahali pamoja kwenye kila bomba, umbali sawa kutoka hedini, pima hapo. Usiitafute namba kamili, linganisha kushoto na kulia.

Mzee wa Yamaha ya kuchanganya oili na petroli, kwako nakuomba usikae na buluu hata siku moja. Injini ya mipigo minne ikikosa mafuta inakupa muda wa kuhangaika. Yako ikipungukiwa na petroli imepungukiwa na oili pia, kwa sababu zinakuja pamoja au kwa sababu moto umeila ile iliyopo, na pistoni inashika kwenye silinda ukiwa barabarani. Angalia sili za krankshafti. Zikilika zinavuta hewa, na hakuna jeti itakayoziba sili.

La mwisho, mwalimu mwenyewe anauliza kama buluu itatoka. Itatoka. Dawa ya kung'arishia kromu, ile laini kabisa, kitambaa, na mkono wenye subira. Usiruhusu mtu akaribie na brashi ya waya au msasa: kromu juu ya nikeli ni nyembamba mno, ukiivuka umekaribisha kutu na hakuna kurudi nyuma. Lakini usianze kung'arisha leo. Kwanza tunabadilisha pointi za kushoto na kondensa, tunapaka grisi kwenye sufi, tunapima taimingi, tunapima tapeti. Jeti tunairudisha saizi ile ile ya upande wa kulia. Hapo ndipo unang'arisha kipande kimoja tu cha shingo, ukubwa wa sarafu, unakwenda Nebbi na kurudi. Kile kipande kikibaki cha dhahabu, malizia bomba zima. Kikirudi buluu, usipite gereji nyingine. Niletee mimi, na tutaanza na mpira wa kabureta.